Vitafunio vya Halloween vya mimea tu: sura mpya, chakula kilekile

Mwishoni mwa Oktoba, mtoto anayekula vyakula vya mimea tu hupata shida ambayo wenzake hawaioni. Darasani zinagawiwa peremende laini zenye umbo la meno, keki ndogo zenye krimu ya rangi ya chungwa, chokoleti zilizofungwa kwa karatasi za popo na maboga, na kila kinachompitia mbele inabidi aulize kwanza kimetengenezwa na nini. Wanangu wawili hawali nyama, maziwa wala mayai, na mimi ndiye ninayewafungia chakula cha shule. Halloween, sherehe ya mapambo ya kutisha inayofanyika tarehe 31 Oktoba, nimeifanya iwe siku yao ya kufungua kontena na meza nzima ikasogea kuangalia. Haya ninayoandika ni kwa mzazi mwenzangu anayetaka kufanya hivyo bila kukesha jikoni.

Kama ulaji huu ni mgeni nyumbani kwako, anza kwa kusoma lebo. Peremende nyingi za kutafuna hushikizwa kwa jelatini, inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Wekundu wa baadhi yake unatokana na karmini, rangi inayopatikana kwa kusaga wadudu waitwao kochinili, na kwenye bidhaa za Ulaya huandikwa E120. Mng'ao wa juu ya peremende ngumu unaweza kuwa nta ya nyuki, E901, au shelaki, E904, ambayo nayo inatokana na mdudu. Chokoleti nyeusi isikutulize kwa rangi yake tu, maana nyingine zimetiwa maziwa ya unga. Mtoto aliyefundishwa kuyatambua majina haya mapema hujitetea mwenyewe bila mzazi, na hilo ninalithamini kuliko pambo lolote.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nawaambia wanangu, na linawapa kifua mbele. Uso wa kuchonga kwenye mboga ndio pambo la kale la sherehe hii. Ireland na Scotland watu walichonga tanipu, zile mboga za mizizi, wakatia taa ndani. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kuchonga, na desturi ikahamia huko. Tena, kwa Wakatoliki wa Ireland mkesha wa Watakatifu Wote, ambao ndio Halloween yenyewe, ulikuwa siku ya kutokula nyama, ndiyo maana vyakula vyao vya usiku ule vilikuwa viazi vilivyopondwa na kabichi, mkate wa matunda makavu, tofaa na njugu. Siagi na maziwa walitumia, sawa, lakini nyama haikuwapo. Kwa hiyo mtoto anayefungua kontena lenye mboga iliyochongwa uso hajaja na sherehe ya pembeni. Amekuja na ile yenyewe.

Sasa tuingie jikoni. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba siku ya sherehe usimpikie mtoto chakula kigeni. Chukua kile anachokimaliza siku yoyote ya kawaida, ukibadilishe sura. Muda wa kula shuleni ni mfupi, kelele ni nyingi, na mtoto mwenye hamu ya kukimbilia nje kucheza hana subira ya kuonja ladha asiyoijua. Akikuta zimwi la kijani lenye ladha asiyoifahamu atalionyesha kwa wenzake, watacheka, kisha atalirudisha nyumbani zima. Na sura moja inatosha. Kontena lenye popo, buibui, mizimu, mafuvu na makaburi kwa pamoja linampendeza mpiga picha, ila mtoto hajui aanzie wapi, na wewe umeamka saa kumi usiku bure.

Jambo la pili ni safari. Kabla ya kuamua kutengeneza chochote, jiulize kitakuwaje baada ya kutikiswa ndani ya begi na kukaa saa nne au tano. Hapo mapambo mengi mazuri ya mtandaoni yanaanguka. Ndizi iliyomenywa na kutiwa macho ya chokoleti ni mzimu mzuri sana kwa dakika ishirini, halafu inakuwa kahawia na kuteleza. Bisi zilizomwagiwa chokoleti hulegea. Vipande vya mwani kavu vinavyokatwa kuwa macho hunywa unyevu na kujikunja. Nitakavyoeleza hapa ni vile vinavyofika vikiwa na sura yake.

Hoho lenye uso

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tafuta pilipili hoho ya rangi ya chungwa, fupi na pana, yenye chini iliyokaa sawa ili isimame. Kata kifuniko cha juu pamoja na kikonyo chake, toa mbegu na nyuzi nyeupe za ndani, kisha chonga macho na mdomo kwa ncha ya kisu kidogo chenye makali. Kisu butu huteleza juu ya ganda la hoho, na hapo ndipo vidole huumia. Macho ya pembe tatu ni rahisi kuliko ya duara. Mdomo uwe mdogo na uanze juu kidogo, kama upana wa kidole kutoka chini, la sivyo ukuta wa hoho unapasuka ukilijaza.

Sura ya hoho tupu haionekani vizuri. Uso unajitokeza kutokana na kinachowekwa ndani. Ukijaza maharage meusi yaliyopondwa na kukolezwa limau, kitunguu saumu na bizari nyembamba, macho yanakuwa meusi tii na uso unatisha. Ukijaza wali wa manjano, unaonekana kama umewashiwa mshumaa. Mwanangu mdogo anataka wa mshumaa, na lazima mdomo uachwe na jino moja la chini; jino hilo analila la kwanza, kabla hata ya kuketi vizuri. Dada yake anapenda yale maharage, anayachota kwa vipande vya mkate mkavu kisha analitafuna lile hoho lenyewe mpaka kwenye kikonyo. Cha kujaza kiwe kizito kiasi cha kukaa kijikoni bila kudondoka, kwa sababu chepesi kitatokea machoni.

Na kuna faida usiyoiona kwa macho. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na dengu hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama, lakini vitamini C ikiliwa pamoja nayo huongeza kiasi kinachofyonzwa. Hoho mbichi ina vitamini C nyingi. Kwa hiyo bakuli lenyewe linasaidia kilichomo ndani, na mtoto hana habari.

Biskuti zinazogeuka kijani

Shule nyingi zimepiga marufuku karanga na jamii za njugu kwa sababu ya mzio, na wazazi wa watoto wa mimea hulalamika kwamba wamenyang'anywa siagi ya karanga, tegemeo lao. Mimi niliihamia siagi ya mbegu za alizeti, na kwa Halloween imekuwa baraka. Mbegu za alizeti zina kiasi kikubwa cha asidi ya klorojeniki. Ikikutana na beking soda, ambayo ni alkali, hubadilika rangi kuwa kijani. Biskuti zinatoka kwenye oveni zikiwa za hudhurungi kama nyingine, halafu zinapopoa kijani kinaanza kutokea katikati, na asubuhi yake ukiivunja unakuta ndani kijani kibichi kama jani. Hazijaharibika na hazina madhara.

Kipimo changu ni hiki: kikombe kimoja cha siagi ya alizeti isiyotiwa sukari, kikombe kimoja cha oti zilizosagwa kuwa unga, theluthi moja ya kikombe cha asali ya tende, yaani ule mchuzi mzito unaotokana na tende, nusu kijiko cha chai cha beking soda, chumvi kidogo na vijiko viwili au vitatu vikubwa vya maziwa ya mimea mpaka unga ushikane. Finyanga vidonge, vibonyeze viwe bapa, uvioke kwa joto la nyuzi 175 kwa dakika kumi hadi kumi na mbili. Usitie limau wala siki, kwa kuwa asidi huizima ile rangi. Ukitaka kijani kikolee ongeza beking soda kidogo tu, robo kijiko cha chai, kwa sababu ikizidi biskuti inaacha ladha ya sabuni mdomoni. Juu yake bandika zabibu kavu mbili ziwe macho kabla ya kuoka, si baada, ili zishike.

Tafadhali usiache kuandika kikaratasi cha kubandika juu ya kontena: "Siagi ya alizeti, si karanga." Siagi hii inafanana na ya karanga kwa rangi na hata harufu, na mwalimu aliye makini ataichukua akidhani ni karanga. Ana haki ya kufanya hivyo. Mwambie mapema, na mwonye kuhusu ule ukijani pia.

Ukitaka kupeleka vitafunio vya darasa zima, uliza kwanza ni mizio gani iliyopo, usikisie. Ufuta ni wa kuangaliwa sana kwa watu wa mimea, kwa maana tunaula kwenye hamasi, yaani dengu zilizopondwa na kuchanganywa na ufuta, na kwenye rojo la ufuta bila kufikiri. Marekani imeuingiza rasmi katika orodha yake ya vyakula vikuu vya mzio tangu Januari 1, 2023. Soya na ngano zimo katika orodha hiyohiyo. Chakula cha mimea hakina maziwa wala mayai, na hilo humfurahisha mzazi wa mtoto mwenye mizio hiyo miwili, lakini hakikisha chokoleti uliyotumia haina onyo la chembe za maziwa kabla hujamwambia kwamba mtoto wake anaweza kula. Na zipo familia ambazo kwa imani zao hazisherehekei Halloween kabisa. Kwa watoto wao, biskuti ileile bila macho ni biskuti tu.

Tambi za mchawi

Hii ni ya mtoto anayependa kuona mambo yakitokea. Kata kabichi ya zambarau, ichemshe kwenye maji kwa dakika kumi, toa majani, ubaki na maji ya rangi ya zambarau iliyokoza. Loweka humo tambi nyembamba za mchele, zile zinazoiva kwa maji ya moto. Zitanywa rangi na kuwa samawati au zambarau. Zisuuze kwa maji baridi kuondoa harufu ya kabichi, zitie mafuta kidogo na chumvi, weka pembeni tango na vipande vilivyokaangwa vya tofu, ile soya iliyogandishwa kama jibini.

Halafu funga kipande cha limau kwenye kifuko chake. Mtoto anapolikamulia mezani, tambi hugeuka waridi mbele ya macho ya wote. Rangi ya kabichi ile, jamii ya anthosianini, hubadilika kufuatana na ukali wa kitu kilichoigusa: kwenye asidi inakuwa nyekundu au waridi, kwenye alkali inakwenda samawati hadi kijani. Binti yangu alipoionyesha mara ya kwanza alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, mwalimu ameniomba nieleze darasani." Tangu hapo hakuna anayemuuliza kwa huruma mbona hali jibini.

Tofu hiyo usiiondoe kwenye kontena hili. Vitafunio vya sherehe vya mimea huelekea kuwa matunda na mboga zilizochongwa tu, na tumbo la mtoto ni dogo. Linajaa nyuzinyuzi za mboga haraka kabla halijapata nguvu za kutosha. Kila kontena ninalofunga lina kitu chenye protini na kitu chenye mafuta mazuri: tofu, dengu, maharage, parachichi, siagi ya mbegu. Sura iwe kwenye tunda ukitaka, ila shibe isitegemee tunda. Vitamini B12 nayo haitapatikana kwenye boga wala tambi; mtoto asiyekula kabisa vitu vya wanyama anahitaji kuipata kwa vidonge au matone, au kwa vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na hilo ni la kuzungumza na daktari wake, sherehe au si sherehe.

Vya dakika tano

Usiku mwingine huna nguvu. Menya chenza, usiligawanye, chomeka kijiti kifupi cha seleri katikati: ni boga. Mtoto yeyote anaelewa papo hapo. Kwa hapo siongezi neno.

Ndizi iache na ganda lake. Usiku, chukua kijiti cha meno, uchore juu ya ganda kwa kudonoadonoa uso wa mzimu au utando wa buibui, ukikwaruza juujuu tu bila kufika kwenye nyama. Mwanzoni hauonekani. Palipochomwa, kimeng'enya cha ndizi kinakutana na hewa na ganda linageuka kahawia, na asubuhi mchoro umetokea wazi na unazidi kukoza mpaka saa ya chakula. Ndani ndizi ni nzima. Ni kitendo kilekile kinacholifanya tofaa lililokatwa liwe jeusi, isipokuwa hapa tunakikaribisha. Kwa tofaa tunakizuia: loweka vipande kwenye kikombe cha maji kilichotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa dakika chache, halafu suuza. Chumvi haisikiki kama umesuuza, na binafsi naipenda kuliko limau, maana limau linaacha ukali ambao mwanangu haupendi.

Mkate unaweza kukatwa kwa kikatio cha biskuti chenye umbo la mzimu, na macho yakatobolewa kwa mrija kwenye kipande cha juu tu, ili kilichopakwa ndani kichungulie. Hapa tena rangi ya ndani ndiyo inayofanya kazi: maharage meusi au jamu nyeusi ya matunda. Mabaki ya kingo za mkate yakaushe kwenye oveni, ndiyo ya kuchotea yale maharage ya hoho.

Nimeulizwa sana kuhusu unga wa mkaa ulioamilishwa, ule unaotumika kutia mikate weusi wa kupendeza. Siutumii kwenye chakula cha mtoto hata kidogo. Mkaa huo hunasa vitu tumboni, zikiwemo dawa, ndiyo maana hospitali huutumia kwa baadhi ya sumu. Mtoto anayemeza dawa asubuhi anaweza kuipoteza nguvu yake kwa sababu ya mapambo. Weusi tunao wa kutosha kwenye maharage, kakao, zeituni na zabibu. Wekundu wa damu unapatikana kwa bitiruti, ila ujue rangi yake haipendi moto. Kwenye hamasi isiyopikwa inang'aa, kwenye keki iliyookwa mara nyingi hufifia kuelekea kahawia.

Mizimu ya maji ya dengu

Kuna kitu kimoja cha kazi kubwa ambacho nakifanya kila mwaka kwa sababu wanangu wanakingoja: vidonge vyeupe vikavu vya povu la sukari, vyenye umbo la mzimu. Kawaida hutengenezwa kwa ute wa yai. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa jamii ya kunde yanaweza kupigwa yakatoa povu, na mwaka 2015 Mmarekani Goose Wohlt akaonyesha kwamba maji ya kopo la dengu, zile nene za duara, pamoja na sukari tu, yanatosha kusimama badala ya ute.

Chukua maji ya kopo moja, yapige kwa mashine pamoja na matone ya limau mpaka yafure na kushika, hapo ongeza sukari kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, mpaka povu ling'ae na lisimame wima ukiinua mapigio. Haichukui muda mfupi. Dakika kumi ni jambo la kawaida, kwa hiyo mashine ya umeme ni ya lazima. Jaza kwenye mfuko wenye tundu, kamulia vilima vidogo juu ya karatasi ya kuokea, uviache kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja na nusu hadi mbili, kisha uzime na uviache vipoe humohumo mlango ukiwa umefungwa. Macho yachore kwa chokoleti iliyoyeyushwa vikishapoa.

Adui wao ni unyevu. Siku ya mvua hubaki vinanata, na ukiviweka kwenye kontena moja na chenza vitayeyuka kabla ya kengele. Vifungie kwenye kikopo chao kikavu kinachobana, viwili au vitatu vinamtosha mtoto, maana ni sukari. Usivitie kwenye friji.

Kuhusu kukabwa na kuharibika

Hapa naomba unisikilize kwa makini hata kama mengine umeyapita haraka. Mapambo ya Halloween yamejaa vitu vya duara, na vitu vya duara ndivyo vinavyokaba watoto. Zabibu mbichi na nyanya ndogo, ambazo kila mtu anazifanya macho, kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zikate kwa urefu wake mara mbili, yaani vipande vinne. Kukata kwa upana hakutoshi, bado kipande ni duara kinachoziba koo. Bisi, njugu nzima na karoti mbichi ngumu mtoto wa umri huo asipewe. Zeituni ziwe zimetolewa kokwa na kukatwa. Vijiti vya meno vya kushikiza miguu ya buibui au mabawa ya popo visiende shuleni kwa umri wowote wa shule ya msingi. Kama pambo halishiki bila kijiti, libadilishe. Na yale macho ya plastiki yanayochezacheza yabaki kwenye kadi.

Chakula cha mimea huharibika kama kingine. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto hilo zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo maharage, tofu, wali na hamasi vinahitaji kifuko cha barafu na begi linalotunza ubaridi. Mimi hugandisha chupa ndogo ya maji usiku, naiegemeza kwenye kontena, na mchana mtoto anainywa ikiwa imeyeyuka. Kuwa mwangalifu zaidi na wali: una bakteria ambao mbegu zao zinavumilia kuchemshwa, na wali ukiachwa jikoni usiku kucha hutengeneza sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Ukipika jioni, utandaze kwenye sinia upoe upesi, uuingize kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake. Kitu cha moto, kama supu ya boga, kiende kwenye thamosi ya chakula iliyojazwa maji yanayochemka kwa dakika kadhaa kabla ya kumwagwa na kutiwa supu.

Na boga lililochongwa likakaa mlangoni siku tatu likiwa na mshumaa ndani, hilo si la supu tena. Yale makubwa ya kuchonga hata yakiwa mabichi yana maji mengi na ladha kidogo. Kwa kula nunua dogo, zito, lenye nyama iliyoshikana. Mbegu tu ndizo ninazozitoa kwa yote mawili siku ileile ya kuchonga. Zioshe, zikaushe vizuri kwa kitambaa, zikoleze mafuta na chumvi, zioke kwa nyuzi 160 mpaka zianze kudata, kama dakika ishirini hivi, ukizigeuza katikati. Watoto wakubwa wanazibeba shuleni mpaka katikati ya Novemba.

Kwa mpangilio wa usiku wa tarehe 30, mimi huanza na biskuti kwa sababu kijani chake kinataka muda, wakati ziko kwenye oveni naponda maharage, nachonga hoho na kulifunga kwa kitambaa chenye unyevu kwenye friji bila kulijaza, na mwisho kabisa nachora ndizi. Watoto huchora zao wenyewe, hata yule mdogo, kwa kuwa hakuna kisu. Asubuhi kinachobaki ni kujaza hoho na kufunika.